Pua kwenye Gunia

Kila gunia lililotoka kiwandani pale lilikuwa na pua. Pua ya wino wa zambarau, imechapwa chini ya maneno "Peleti Bora za Jiko", matundu yake mawili yamekaa kama macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Meneja ndiye aliyeibuni, asubuhi moja aliyoingia kazini na furaha isiyo na sababu, na mwenye pua hakuulizwa. Mwenye pua alikuwa mwanamke wa makamo, mpimaji wa kiwanda. Tangu asubuhi hiyo jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Watu wote walimwita Mama Pua, hata mumewe akijisahau.

Peleti, kwa asiyezijua, ni vijiti vifupi vya vumbi la mbao lililoshindiliwa, vinene kama kalamu ya risasi na virefu kama pingili ya kidole. Mji ule ulikuwa wa baridi. Watu walizimimina kwenye tangi la jiko, skrubu ikazivuta mojamoja mpaka kwenye kikombe cha moto, na sebule ikapata joto kutwa nzima. Peleti nzuri haina maneno. Mbaya ndiyo inayojitangaza: moto unapanda na kushuka kama mtu mwenye homa, kioo cha jiko kinapiga weusi, na kikombe cha moto kinajaa majivu yaliyoyeyuka yakaganda kama mawe. Kazi ya Mama Pua ilikuwa kuzitambua kabla jiko halijazitambua.

Alichota konzi moja gunia la kwanza, moja la katikati, moja la mwisho, kwa sababu gunia la kwanza, alivyopenda kusema, huwa limevaa nguo za kupokelea wageni. Alizichekecha aone vumbi linaloanguka. Alizitazama urefu, maana ndefu hukwama kwenye skrubu. Alizitosa kwenye glasi ya maji: nzuri huzama papo hapo, kisha hufumuka taratibu zikawa uji wa vumbi. Mwisho, na hapo hata wapakizi walinyamaza, alizipumulia ndani ya viganja, akazisugua, akafumba macho, akanusa. Aliweza kusema kama ni msonobari au mkaratusi, kama gogo lililala mvuani, kama ganda la mti limeponyoka likaingia. Halafu alitoa hukumu ya neno moja. Akisema "zinanukia", magunia yalishonwa. Akisema "zinanuka", yalirudi kwenye kinu. Kati ya maneno hayo mawili kuna herufi moja tu, na nyumba nzima ilikuwa inakula kwa herufi hiyo.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu, na herufi yenyewe imepotea.

Yalikuwa mafua ya kawaida, yale ya kupenga na kusahau. Mama Pua aliamka siku ya nne akajiona mzima, akanywa kahawa, akakuta anakunywa maji ya moto yenye rangi. Alinusa mto. Alinusa koti la mumewe, lililokuwa na masizi ya majiko ya mji mzima, likawa kama koti la dukani. Akasimama katikati ya chumba na koti mkononi, akahisi kwamba mtu ameingia usiku akaifua dunia, akaianika, akaondoka.

Kuanzia hapo alitembea kama mtu aliye ndani ya ndoto ya jirani. Vitu vilikuwepo, lakini kwa mbali. Kiwandani vumbi la mbao liliogelea kwenye miale ya jua iliyopenya mabati, polepole, punje kwa punje, na zamani kila punje ilikuwa na la kumwambia. Sasa zilipita zikimtazama. Alipofumba macho na konzi mkononi hakukuta kitu isipokuwa kumbukumbu: msonobari ulikuwa korido ndefu iliyopigwa deki, mkaratusi ulikuwa kitambaa chenye maji kwenye paji la mtoto mgonjwa. Alikaa kidogo katika korido ile, akifungua milango, akifunga. Kisha akafumbua macho akasema "zinanukia", kwa sababu jicho, chekecheke na glasi vilikuwa vimekubali, na kwa sababu watu walikuwa wanangoja.

Hakumwambia mtu. Kila akilala alijiambia kesho itarudi, kama mtu anayemngoja paka.

Mama mkwe wake, aliyeishi nao katika chumba cha pembeni mwa jiko la kupikia, alikuwa mwanamke wa kutoa maoni. Alikuwa na maoni juu ya namna watu wanavyopiga chafya. Siku moja alitoka chumbani amejiziba pua kwa upande wa khanga, akakuta maziwa yameungua mpaka sufuria imekuwa nyeusi, na mkwewe ameketi hatua moja kutoka hapo, anashona kifungo cha shati, uso mtulivu kama wa mtu aliye bustanini. Bibi alizima jiko. Akaitia sufuria maji. Akarudi chumbani bila kusema neno, na hilo ndilo lililopaswa kumshtua Mama Pua. Lakini hakushtuka.

*

Shehena yenyewe ilikuja Jumanne. Msumeno wa kiwanda cha mbao cha jirani ulikuwa umekatika meno, kwa hiyo Meneja alinunua vumbi kutoka karakana ya samani ng'ambo ya reli. Lilikuwa vumbi laini, kavu, la bei nzuri, na Meneja alilipokea kwa namna watu wanavyompokea mgeni aliyeleta zawadi: hakulifungua kuangalia ndani.

Aliyelimimina kwenye kinu alikuwa mwendesha mashine, mwanamume mpana wa miaka hamsini aliyeitwa Baba Kelele. Alikuwa amekaa na kinu kile muda mrefu hata sikio lake la kushoto likastaafu kabla yake. Kwa sababu hiyo alizungumza kwa kupiga kelele hata msibani, na kila sentensi aliifunga kwa "unasikia?", awe anaomba chumvi au anasimulia ndoto. Watu walishazoea kulijibu neno hilo bila kulifikiria.

Asubuhi ile kinu kilikuwa na mlio mpya, mwembamba, kama birika linaloanza kuchemka. Baba Kelele alimwendea Mama Pua kwenye meza yake akasema jambo refu. Alisema, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, kwamba vumbi hili limekuja na rangi na gundi, limemchoma koo tangu alipofungua mfuko wa kwanza. Kinu kilimeza maneno yote hayo. Kilichobaki kikafika mezani kilikuwa mkia wake tu.

"Unasikia?"

Lugha yetu ni karimu. Sauti tunasikia, harufu tunasikia, baridi tunasikia, njaa tunasikia. Neno moja limebeba mizigo yote hiyo na halijawahi kulalamika. Mama Pua alitega sikio kwenye ule mlio wa birika.

"Nasikia," alisema. "Si neno. Kitapoa."

Baba Kelele akarudi kwenye kinu moyo umetulia. Pua yenyewe imesikia, imesema si neno. Yeye ni nani?

Na peleti zikatoka, loo, zikatoka nzuri. Gundi ilizifanya zing'ae kama zimepakwa mafuta. Zote kimo kimoja, hakuna iliyovunjika, na kwenye chekecheke halikuanguka hata vumbi la kujaza kijiko. Kwenye glasi zilizama kama misumari. Zilichelewa kufumuka, hilo aliliona, lakini alilichukulia kuwa ni adabu. Katika miaka yake yote hakuwahi kuona konzi tatu zinazofanana hivyo, ndugu wa tumbo moja, mapacha watatu. Akazipumulia. Akafumba macho, akaingia katika korido yake, akakaa humo kuliko siku zote.

"Zinanukia," alisema.

Magunia mia moja na sitini yakashonwa midomo, yakapanda lori na pua zao.

*

Mumewe alikuwa fundi majiko, na juma lile alianza kwa kuimba. Simu ilikuwa haitulii. Jiko la mwalimu mstaafu limezimika, jiko la wauza dawa linakohoa, jiko la ghorofa ya pili limejaa moshi. Fundi alibeba brashi zake na kisafisha bomba, akazunguka mji kama daktari wakati wa surua, akimwambia kila mtu kwamba jiko ni kama tumbo, halipendi kupuuzwa. Katika kila jiko alikuta kitu kimoja: kikombe cha moto kimeziba kwa bonge jeusi, linang'aa, gumu kama kioo cha chupa. Mabonge hayo aliyagongoa kwa bisibisi. Aliyaweka mfukoni, manne, matano, bila kujua kwa nini.

Mwalimu mstaafu ndiye aliyemkatiza wimbo. Alikuwa amekaa sebuleni na koti na kofia, dirisha wazi, baridi imeingia imekaa kitini karibu naye. Alisema jiko halina kosa, na Fundi pia hana kosa. Kisha akanyoosha bakora yake kwenye gunia lililo pembeni.

"Iambie hiyo pua ipenge kamasi," alisema.

Fundi alicheka, kwa sababu mteja akitania fundi hucheka. Kicheko kikafika nusu kikakosa pa kukanyaga.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya mshonaji, chumba kimoja na cherehani, na mtoto mchanga aliyekuwa anakohoa kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu mzima. Mshonaji alikuwa amemfunga mtoto kwa vipande vya vitambaa vya wateja, maua juu ya mistari juu ya madoadoa, hata akawa kama furushi la sherehe. Hakulalamika. Aliuliza tu kama moshi ule una dawa ndani yake, kwa maana unachoma macho tofauti na moshi wa kawaida. Fundi alipiga magoti mbele ya gunia, akatia kichwa ndani. Pua yake ilikuwa inajua masizi peke yake, lakini hata yeye alisikia: rangi ya mlango mpya, na nyuma yake kitu kitamu kibaya kinachoshika koo. Alipoinua uso, alikutana na pua ya zambarau, matundu wazi, inamtazama kama haikuhusika.

Alizima jiko. Akamwambia mshonaji asiliwashe tena, akamwachia koti lake.

*

Alirudi nyumbani saa ya chakula cha mchana bila koti. Mkewe alikuwa amekuja kula, mama yake alikuwa anatenga sahani. Fundi hakukaa. Alitoa mfukoni konzi ya peleti za mshonaji akazimimina mezani, kati ya chumvi na jagi la maji, na akamwomba mwenziwe azipime kidogo, ana shida na jiko fulani.

Mama Pua alifurahi kuombwa. Alizikusanya kwenye viganja, akazipumulia, akasugua. Akafumba macho. Hatua moja tu kutoka kwake, pale alipokuwa amesimama, Fundi alikuwa anaisikia ile rangi ya mlango ikipanda kutoka kwenye mikono ya mkewe na kuenea juu ya chakula.

"Zinanukia," alisema, akatabasamu macho bado yamefumbwa.

Fundi alimtazama mama yake. Mama yake alitazama dari, akaona buibui, akamwacha.

"Mwanangu," alisema yule bibi hatimaye, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, "wiki iliyopita maziwa yaliungua ukiwa umekaa nayo kama mna mazungumzo."

Mama Pua alifumbua macho akaziona nyuso mbili, na kwenye nyuso hizo akausoma mji mzima. Aliziweka peleti chini mojamoja, akizipanga mstari kama mtoto. Alisema ni tangu mafua. Alisema alidhani itarudi. Fundi alieleza habari ya mabonge meusi, ya mwalimu, ya kikohozi, na kila alipotaja nyumba alitoa bonge mfukoni akaliweka mezani, mpaka mkewe akamwomba aache.

Kisha Mama Pua aliuliza jambo ambalo hakumuuliza mtu hasa. Mpimaji asiyesikia harufu anaitwa nani?

Mama mkwe alisema anaitwa mtu aliyepata mafua, ale chakula chake. Fundi alisema magunia bado yako majumbani na baridi inaongezeka, watu watayachoma tu. Mama Pua alijibu kwamba anajua. Alijibu pia, kwa sauti ndogo, kwamba wakijua, kesho hatakuwa na meza ya kukalia. Sentensi zote mbili zilikuwa kweli, na zilikaa pale mezani pamoja na mabonge, hakuna aliyezigusa.

*

Asubuhi yake Meneja aliwaita wote chini ya bati, karibu na kinu kilichozimwa. Kimya cha kinu kilikuwa kitu kigeni. Watu walisimama ndani yake kama walioingia majini. Vumbi halikuwa limejua kwamba kazi imesimama, liliendelea kuelea kwenye miale, dhahabu tupu. Mama Pua alilitazama. Alifikiri, kama mtu afikiriavyo katika ndoto, kwamba kama asingetikisika hakuna kitakachotokea.

Meneja alikuwa na karatasi za malalamiko, kumi na nne. Alizisoma zote. Kisha akamgeukia Baba Kelele, kwa sababu Baba Kelele ndiye aliyemimina vumbi, na akamuuliza miaka yote hii hajui rangi inavyonuka? Ana pua au ana pambo? Watu walicheka kidogo, kwa woga. Meneja alisema mtu wa namna hiyo akachukue vitu vyake.

Baba Kelele alisogeza sikio lake zima mbele, kuhakikisha kwamba ni yeye anayefukuzwa. Akahakikisha. Alisema alimwambia mpimaji, unasikia? Alimwambia kwamba linachoma koo, unasikia? Akamuuliza, naye akasema nasikia, si neno.

Shingo zote ziligeuka. Meneja alimtazama Mama Pua, na macho yake yalikuwa laini, karibu ya kubembeleza. Ghalani kulikuwa na magunia matupu elfu nne, yote na pua. Mwendesha mashine anapatikana popote.

"Hebu tuelewane," alisema Meneja. "Huyu kila kitu ni unasikia, unasikia. Siku ile kinu kilikuwa kinalia. Alikuuliza mlio, siyo?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Tena haukuwa mlango wa uongo: ni kweli kwamba alisikia mlio, ni kweli kwamba maneno yalimezwa. Alichotakiwa ni kusema ndiyo akapita. Baba Kelele alikuwa amesimama na kofia mkononi, kichwa ameinamisha upande wa sikio zima, anangoja jibu kwa makini ya mtu anayejua kwamba anaweza kulikosa.

"Aliuliza harufu," alisema Mama Pua. "Mimi nikajibu mlio. Harufu sisikii, Meneja. Wiki ya tatu hii."

Meneja alicheka, akaona anacheka peke yake. Hakuamini. Alikwenda kwenye rafu, akachukua kopo la vanishi lililotumika kupaka milango, akalifungua kwa bisibisi, akaliweka chini ya pua ile iliyokuwa kwenye magunia elfu nne. Wapakizi wa nyuma walirudi hatua moja. Mtu mmoja alikohoa. Mama Pua alisimama pale pale na kopo chini ya kidevu, kama mtu aliyeletewa ua.

"Hii ni nini?" aliuliza Meneja.

Miaka yote hakuwahi kulitumia neno lile kazini, na lilitoka jepesi kuliko alivyofikiri.

"Sijui," alisema.

*

Magunia yalirudishwa. Meneja alitoa pikapu, Fundi akajitolea kuendesha, na Mama Pua akakaa mbele kwa sababu yeye ndiye aliyejua idadi. Walibisha hodi mlango kwa mlango siku mbili. Watu wengi walikuwa wapole, na upole ndio uliochosha. Mwalimu mstaafu aliomba radhi kwa maneno ya kamasi, kisha akayarudia kwa jirani yake aliyekuwa ukumbini, ili jirani aelewe kilichoombewa radhi. Mshonaji alilisukuma gunia kwa mguu mpaka kizingitini, na koti la Fundi akalirudisha limepigwa pasi. Alimwangalia Mama Pua usoni, katikati, muda mrefu.

"Mbona nzuri tu," alisema. "Haina hata doa."

Mtoto alikuwa amelala ndani ya vitambaa vyake, hakohoi. Mama Pua alimsikiliza mpaka akahakikisha.

Baba Kelele alibaki kwenye kinu. Mama Pua alipelekwa kushona midomo ya magunia, meza ya mwisho karibu na mlango wa lori, mshahara nusu, sindano ya ukubwa wa kijiko. Glasi na chekecheke vilibaki kwenye meza ya zamani vikipata vumbi. Wapakizi hawakujua wamwiteje sasa. Walianza "Mama", wakakwama hapo, na wengine waliona ni jina linalotosha.

Jumamosi msumeno wa jirani ulipata meno mapya, vumbi la kawaida likaja, kinu kikazunguka. Peleti zikajaa magunia mia mbili. Hapo ndipo kazi iliposimama, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kulisema lile neno. Meneja alinusa akasema ziko sawa, kisha akanusa tena akasema labda. Mhasibu alinusa akapiga chafya. Baba Kelele alisema yeye ile siku aliisikia kwa sababu ilichoma, ikiwa haichomi hajui lolote. Magunia yalisimama safu kwa safu, midomo wazi. Saa sita watu walitawanyika, na Baba Kelele akaja kwenye meza ya mwisho na pakiti tatu za gazeti zenye konzi za peleti, ameziandika kwa makaa: kwanza, kati, mwisho.

Mama Pua alimkumbusha kwamba hana pua.

"Mimi sina sikio na kinu kinazunguka," alisema Baba Kelele, kwa sauti ambayo kwake ilikuwa mnong'ono. Wapakizi walisikia mpaka barabarani.

*

Mvua ilinyesha mchana wote, mvua ya kutojali, iliyoandika na kufuta kwenye kioo cha dirisha. Nyumbani kwa Mama Pua jiko la sebuleni lilikuwa linawaka kwa peleti za zamani, moto wake umesimama wima bila kutikisika, na joto lilikuwa limewalegeza wote watatu, yeye, mumewe na mama mkwe. Pakiti zilikuwa juu ya stuli. Mama Pua alikuwa ameshazitosa majini, ameshazichekecha, ameshazilaza juu ya kiganja akazipima kwa kidole. Zilikuwa nzuri kwa kila njia aliyobaki nayo. Lakini mapacha wale wa Jumanne nao walikuwa wazuri kwa njia hizo hizo.

Alimsukumia mumewe pakiti ya kwanza. Alimwonyesha namna ya kupumulia, asipulize, apumue tu, kama anayepasha kioo.

Fundi alinusa. Alisema zinanuka mbao.

Zinanuka au zinanukia, aliuliza mkewe, na mbao gani?

Fundi alifikiri. Mbao ya mbao, alisema.

Mama yake alimnyang'anya pakiti, akasema huyu tangu mtoto alikuwa hajui kueleza anakoumwa. Yeye alinusa mara moja, kwa ukali, kama anayempata mtu na kosa. Alisema zinanukia droo ya kabati lake la harusi kabla marehemu hajatia soksi zake. Mama Pua alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi, lakini hakuwaachia. Aliuliza kama koo linakauka. Aliuliza kama harufu inakuja mara moja au inajificha, kama ina utamu mwishoni, kama utamu huo ni wa sukari au wa kitu kinachooza. Walijibu, wakabishana, bibi akasema droo, Fundi akasema siyo droo, ni kitu anachokijua, kiko mlangoni kabisa na jina lake haliji.

Akafumba macho. Hakujua kwamba amekaa kama mkewe alivyokuwa akikaa, viganja chini ya kidevu, mabega yameshuka. Alikaa hivyo muda mrefu, mvua ikaandika ikafuta, mpaka mama yake akauliza kama amelala.

"Zinanukia kama wewe," alisema Fundi. "Ukirudi kazini, ukivua kilemba."

Bibi, mwenye maoni juu ya chafya, akaanza kukunja upya khanga iliyokwisha kukunjwa. Mama Pua alimsukumia mumewe pakiti ya kati.

"Wewe," alisema Fundi.

Akampa ya mwisho. Alichukua muda, kwa uaminifu, akitafuta tofauti.

"Wewe vilevile."

"Na zile za Jumanne?"

"Zile zilinuka mtu nisiyemfahamu."

Mama Pua aliinuka, akachukua koti mlangoni. Fundi alimuuliza anakwenda wapi na mvua yote hiyo. Alimwambia kwamba anakwenda kiwandani, na hawezi kwenda peke yake. Magunia mia mbili yako wazi, Meneja yuko ofisini mpaka jioni, na yeye hawezi kuapa kwa harufu ambayo hakuisikia. Atakayesimama mbele ya Meneja, na Baba Kelele, na wapakizi wote watakaoitwa kupakia, aeleze zinanukia nini, kwa maneno yale yale aliyoyatumia hapa, ni Fundi.

"Maneno yale yale?" aliuliza Fundi.

"Ukiyabadilisha si kipimo tena."

Bibi alikuwa ameshasimama, anajifunga khanga ya pili kichwani. Alisema baridi haimwogopeshi, na jambo lenyewe hatalikosa kwa mvua wala kwa gharika. Fundi alikaa kidogo zaidi mbele ya jiko lake, akilitazama kama mtu anayeomba msaada kwa rafiki, na jiko likaendelea kuwaka kama halijapata kumwona.